Paa Gani, Mize?

Nikopesheni masikio kidogo. Nitayarudisha salama, ila yatarudi na swali ndani yake, na swali lenyewe hadi leo halijapata wa kulimaliza.

Mjini Tanga, mtaa wa Makorora, palikuwa na karakana tatu zilizoegemeana kama watu wanaosikiliza redio moja. Kila karakana ilikuwa na fundi wake, na kila fundi alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Mbaruku, fundi wa kenchi, yaani ile mifupa ya mbao inayobeba bati. Kipaji chake kilikuwa uimara. Alichokipandisha Mbaruku hakikushuka. Watu walisema upepo ukifika kwenye nyumba aliyoezeka yeye hupiga hodi kwanza, na usipojibiwa unapita zake.

Wa pili aliitwa Mishi, mwanamke wa patasi na nyundo ya mbao, binti wa mchonga milango. Kipaji chake kilikuwa uhai. Aliwahi kuchonga jogoo kwenye kabati la bibi harusi, na majirani wakaapa kwamba paka wa nyumba ile alishinda mbele ya kabati akiramba midomo.

Wa tatu aliitwa Shekue, Msambaa aliyeteremka kutoka Lushoto na mizigo yake michache. Yeye aliweza kupinda ubao kwa mvuke wa maji moto kama mtu anavyopinda ukindu, na kipaji chake kilikuwa wepesi. Ukiinua kiti chake ulikaribia kuanguka chali, kwa jinsi ulivyojiandaa kubeba kitu kizito.

Watatu hawa walikuwa watani. Hawakumaliza asubuhi bila kutupiana maneno, na hawakumaliza jioni bila kugawana kahawa.

Sasa, jirani na karakana zile alikaa mtoto wa miaka sita, Mwanamize binti Akida, waliyemwita Mize. Mdomo wake haukukauka. Alikuwa akiwapitia mafundi wote watatu kuwaeleza habari ambazo walikwisha kuzijua, na wao wakamsikiliza kama zilikuwa mpya.

Masika yalipochachamaa, Mize alikuwa amelala mchana chumbani mwake. Upepo ukaja, ukashika ukingo wa bati, ukalifunua paa la chumba kile kama mtu anavyofunua kawa kutazama chakula. Mama yake, Riziki, alipofika mbio alimkuta mtoto amesimama pembeni, mzima, hana hata mkwaruzo, mvua inamtiririka, macho yako juu. Akamwita. Mize hakujibu. Hakujibu siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi uliofuata.

Paa lilirudishwa upesi, tena kwa bati nene. Mtoto hakurudi. Alipofikishwa kwenye kizingiti cha chumba chake alikakamaa kama kuni. Akahamia chumbani kwa bibi yake, Bi. Mwanakombo, tena si kitandani: alilala uvunguni, amejikunja, na usingizi wenyewe ulikuwa wa kushtukashtuka. Alikula, alitikisa kichwa kukubali au kukataa, lakini neno hakutoa. Hospitali walimtazama koo na masikio, wakasema vyote vizima, apewe muda.

Muda akapewa. Lakini Riziki hakuwa mtu wa kukaa akingoja. Maji ya siku ile yalikuwa yameacha doa kubwa kwenye ukuta wa chumba, juu ya kitanda. Alipaka rangi, doa likatokeza. Akapaka tena, likatokeza tena, na umbo lake lilikuwa kama mtu aliyefungua mikono. Riziki akasema, mwanangu hataingia chumba chenye kumbukumbu ile. Alikuwa ameona kwenye simu picha za vyumba vya watoto wa watu, ukuta mmoja umevikwa mbao zenye nakshi toka chini hadi juu. Akaenda karakana, akawaonyesha mafundi ile picha, na Bi. Mwanakombo akamfuata nyuma akiburuta kandambili.

"Nani atafanya?" aliuliza Riziki.

"Mimi," walisema wote watatu.

Bi. Mwanakombo akainua kidole. "Basi sikilizeni. Atakayemrudisha mjukuu wangu, nitamfunga kilemba cha marehemu mume wangu, kwa mkono wangu, mbele ya watu. Hiyo ni nadhiri, na Mungu kaisikia, na huyu muuza kahawa kaisikia."

Hapo mafundi waliweka zana chini, na nitawaambieni kwa nini. Zamani, kazi kubwa ilipokwisha, mwenye nyumba alimfunga fundi kilemba kichwani. Siku hizi mtu akisema kilemba cha fundi anamaanisha bahasha. Lakini marehemu Fundi Chambo, mume wa bibi huyu, alifungwa kilemba chenyewe, kitambaa cha deuli, hariri yenye milia, na mwalimu wake naye alikuwa amefungwa hichohicho. Tangu Fundi Chambo afe, hapakuwa na mtu Makorora aliyeitwa "Fundi" tupu. Wote walikuwa fundi fulani na fundi fulani. Yule ambaye angevikwa deuli lile angeitwa Fundi, basi, na kila mtu angejua ni nani.

"Cha deuli?" aliuliza Mbaruku.

"Cha deuli."

"Kile chenyewe?"

"We Mbaruku, mume wangu alikuwa na vichwa vingapi?"

Riziki ndiye aliyegawa kazi. Mbaruku apewe fremu na sehemu ya juu. Mishi apewe ubao wa katikati, wa nakshi. Shekue apewe papi, zile mbao nyembamba za kuvika ukuta uliobaki. "Na cha kuwekwa humo," alisema, "atasema mwenye chumba."

"Atasema?" Mishi aliuliza taratibu.

"Tutamwuliza hata hivyo."

Wakaenda na futikamba, wakapima ukuta, kisha wote wakasimama chumbani kwa bibi. Riziki akapiga magoti, akainama hadi shavu likagusa sakafu. "Mize, mama, tunakutengenezea ukuta wako. Unataka uwe na nini? Maua? Nyota? Treni?"

Riziki hakuharakisha. Alibaki vilevile, shavu sakafuni, na mafundi wakabaki wamesimama kama walioalikwa dua.

Ndipo ikatoka sauti uvunguni, kavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Paa."

Neno moja. Riziki aliziba mdomo wake kwa kanga. Bi. Mwanakombo alikaa kitandani bila kujua amekaa. Wakatoka wote kwa kunyata, na huko uani ndiko bibi alikouliza:

"Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa," walisema kwa pamoja, na kila mmoja alisema kweli. Hapakuwa na hata mmoja aliyemwuliza mwenzake ameelewa nini. Nani humwuliza jirani yake kama jua limetoka? Hata Bi. Mwanakombo alikuwa ameelewa. Alikwenda sokoni palepale, akanunua changu wakubwa, akaketi uani na kisu akiwatoa magamba. "Mtoto kataka samaki apaawe," alisema, "nami ninampaa."

Mbaruku aliingia karakana yake na kufunga mlango. Aliwaza hivi: mtoto aliyefunuliwa paa anataka nini kama si paa? Anayelala uvunguni amekwisha kujitafutia lake. Lile bati nene la juu liko mbali, halimwambii kitu. Anataka paa analoweza kuligusa. Akachagua mvule, akatengeneza upenu mdogo wa kutokeza ukutani na kufunika kichwa cha kitanda, wenye kenchi zake na boriti zake kama nyumba ya kweli, ulimi kwa tundu, bila msumari hata mmoja. Ulipokauka gundi alijining'iniza mwenyewe, mtu mzima mwenye kitambi, akapiga na miguu. Haukulia hata kidogo.

Mishi naye aliketi mlangoni kwake na ubao magotini. Yeye alikumbuka kwamba kabla ya mvua zile Mize alikwenda na baba yake hadi milima ya Amani, kwa ndugu, na njiani wakakutana na paa, mnyama yule mdogo wa miguu kama vijiti. Paa alisimama, akamtazama mtoto, mtoto akamtazama, kisha hayupo. Mize alimsimulia Mishi habari ile kila siku, na kila siku miguu ya paa ilizidi kuwa mirefu. "Kataka rafiki yake," alisema Mishi. Akachagua mfenesi, mti wa manjano kama ubavu wa mnyama huyo, akamchonga paa amesimama majanini, masikio juu, goti moja limekunjwa. Jicho alilifanya mwisho, na alipolimaliza aligeuza ubao ukutani ili apate kula chakula chake bila kutazamwa.

Na Shekue? Shekue hakukumbuka bati wala mnyama. Alikumbuka Ijumaa. Kila Ijumaa Akida alirudi kutoka shamba la mkonge Korogwe, na binti yake alimkimbilia langoni. Baba humdaka, humrusha juu na kusema, "Paa!" na mtoto huko juu hucheka hadi kwikwi. Tangu upepo ule Akida hakumrusha tena. Mara moja alijaribu kumwinua, na mtoto akamshika shingo kama anayezama. Shekue alisema, "Kataka kupaa." Akachukua papi za mtiki wa Muheza, akazipika kwa mvuke, akazipinda. Alizipanga zianze chini upande wa mlango na kupanda kwa mshazari hadi juu upande wa dirisha, kila moja ndefu kuliko mwenzake. Ukizitazama, mabega yalijiinua yenyewe.

Siku ya kufunga ikafika. Watatu walikutana chumbani, kila mmoja na mzigo wake umefunikwa gunia.

Mishi ndiye aliyeanza. "Hilo nini, Bwana Kenchi? Unamjengea mtoto banda la kuku?"

"Ni paa. Kasema paa. Na huyo mbuzi wako anatafuta nini humu?"

"Mbuzi! Umemwona ndevu? Huyu ni paa. Kasema paa."

Shekue alitua papi zake, akacheka hadi akakaa chini. "Watani wangu, mmepotea wote wawili. Mtoto kataka kupaa."

Wakatazamana. Kutoka jikoni ikaja sauti ya Bi. Mwanakombo: "Kumbe samaki wangu niliwapaa bure!"

Mbaruku alikunja futikamba. "Jambo rahisi. Twende tukamwulize mwenyewe ni paa gani." Akageuka kutoka, na pale mlangoni alikuwa amesimama Riziki.

"Hapana," alisema Riziki.

"Swali moja tu, mama Mize."

"Nimengoja mwezi mzima kupata neno moja. Mkimwuliza 'paa gani' atajua kwamba alilosema halikueleweka, na atalimeza lisirudi. Kasema. Inatosha. Fanyeni alichosema."

"Sasa kipi katika hivi?"

"Vyote."

"Mama Mize, havikai pamoja hivi!"

"Ninyi si mafundi?"

Hapo walishikwa pabaya, maana swali lile halina jibu la hapana.

Na kweli havikukaa pamoja. Papi za Shekue zilipanda hadi darini, na upenu wa Mbaruku ulizikata shingo. Papi zilipopita kwa mshazari nyuma ya ubao wa Mishi, paa aliyesimama wima akaonekana kama anateleza kwenye ukuta wenye matope. Wakabishana, wakatukanana matusi ya utani, wakanywa chai, wakabishana tena. Mwishoni kila mmoja ilimbidi atoe kitu chake.

Mbaruku alitoa uzima wa paa lake. Alikata uwazi katikati ya upenu ili papi zipite, yeye ambaye maishani mwake hakupata kuacha tundu kwenye paa. Alishika msumeno muda mrefu kabla ya kuanza. "Nisameheni," alisema, na hakuna aliyejua alikuwa akimwambia nani.

Mishi alitoa ardhi. Alichukua patasi, akayaondoa majani yote aliyoyachonga kwa uangalifu chini ya kwato, unyasi baada ya unyasi, hadi paa akabaki hewani. Aliyekuwa amesimama sasa alikuwa anaruka, na goti lile lililokunjwa likawa na maana nyingine.

Shekue alitoa urefu. Papi zilizotakiwa kufika darini alizikata nyingi, akabakiza chache tu za kupenya kwenye uwazi wa Mbaruku. Alikusanya vipande vilivyokatika akavifunga kamba, akavitia kwapani.

Wakapiga msasa, wakapaka vanishi, wakafungua dirisha harufu itoke. Kesho yake, adhuhuri ilipokwisha, Riziki akamleta Mize.

Mafundi walikuwa uani, wamejipanga kando ya dirisha lililo wazi kama watoto wanaosubiri tohara. Bi. Mwanakombo alikuwa na tasbihi. Mtoto alifika kwenye kizingiti, akakakamaa kama kawaida yake. Kisha akainua macho. Aliuona upenu, akaziona boriti zake, na akauona ule uwazi uliokatwa vizuri, kingo zake zimelainishwa, na papi zikipita ndani yake. Aliutazama uwazi ule sana. Halafu akaachia mkono wa mama yake, akaingia, akapanda kitandani, akanyoosha mkono na kuligonga paa kwa ngumi. Mara ya kwanza taratibu. Ya pili kwa nguvu. Paa halikusema kitu.

Mbaruku alimfinya Shekue paja.

Mtoto akakaa chini ya upenu, na hapo uso wake ukawa mbele ya uso wa paa. Wakatazamana. Mize akapitisha kidole kwenye sikio, kwenye shingo, kwenye goti, akarudi kwenye jicho. Akajilaza ubavu, mgongo wake ukiwa kwenye ubao wa Mishi, na kabla mama yake hajamfunika shuka alikuwa amelala. Hakulala ule usingizi wa uvunguni. Alilala mdomo wazi, mkono mmoja ukining'inia nje ya kitanda. Riziki alisimama pale akihesabu pumzi zake hadi akasahau kuhesabu.

Mishi aliondoka uani kwenda kunawa uso, akakawia.

Ilipofika alasiri, mama yake ameshatoka uani, jua liligeuka, likaingia dirishani kwa ubavu. Kivuli cha papi kikaanza kupanda ukutani, polepole, kikimpitia paa, na kila kilipompitia alionekana kuinuka kidogo zaidi. Mize akafumbua macho. Akatazama. Akasimama juu ya godoro, akakunja magoti, akaruka. Akaruka tena, juu zaidi. Wakasikia huko uani kicheko, kile cha kwikwi, kile cha Ijumaa, na baada ya kicheko:

"Mama! Mama, njoo! Njoo uone!"

Shekue hakumfinya mtu. Alikaa juu ya mzigo wake wa vipande na kufunika uso kwa viganja.

Basi Mize akarudi. Alirudi na maneno yote ya mwezi mzima, yakamwagika kama mtama, na hadi Magharibi alikuwa amewachosha watu watatu. Na hapo ndipo furaha ilipozaa kesi.

Ijumaa, baada ya sala, watu walijaa uani. Akida alikuwa amerudi, Mize yuko mabegani mwake. Bi. Mwanakombo alitoa kilemba sandukuni, kimefukizwa udi. Mafundi watatu walikuja vichwa wazi, hata Mbaruku, ambaye watu hawakujua kama ana upara.

"Nadhiri yangu," alisema bibi, "ilikuwa kwa atakayemrudisha mjukuu wangu. Aseme mwenyewe."

"Mimi," alisema Mbaruku. "Kurudi ni kuingia, bibi. Aliyeko nje hajarudi. Mtoto aliishia kizingitini mwezi mzima, na kilichomvusha ni kuliona paa. Bila mimi, huyo mbuzi angechezewa na nani?"

"Kuingia hata mwizi huingia," alisema Mishi. "Chumba ni cha yule anayelala ndani yake. Aliingia akiwa amekunja ngumi, mlimwona. Aliikunjua alipomgusa paa wangu. Bila mimi angeligonga paa lako, akashukuru, akarudi uvunguni."

"Na kulala hata mgonjwa hulala," alisema Shekue. "Uvunguni pia alilala. Kilichopotea nyumba hii kilikuwa sauti. Mliliaje mwezi mzima? Mlilia kwamba hasemi. Basi alisema lini? Alipopaa."

"Alipaa kwa sababu alikuwa na pa kuruka!" alisema Mbaruku.

"Na nguvu za kuruka alizipata usingizini!" alisema Mishi.

Mtu mmoja nyuma akasema kikatwe vipande vitatu. Bi. Mwanakombo alimgeukia. "Kilemba kikikatwa ni leso. Unataka nimfunge mtu leso?"

Mwingine akasema wavae kwa zamu. Mafundi wenyewe walikataa: jina la Fundi haliendi kwa zamu kama maji ya bomba.

Wakamtazama Maalim Shauri, mwalimu wa madrasa, mtu wa taratibu. Alifikiri, akasema, "Nadhiri hufuata neno. Bibi, ulisema 'atakaye'. Hukusema 'watakao'. Umejifunga kwa mtu mmoja."

"Basi mtu mmoja ni mama Mize!" alisema muuza kahawa. "Yeye ndiye aliyewazuia wasiulize. Wangeuliza, ukuta ungekuwa na paa moja tu."

Minong'ono ikapita, na watu wengi wakatikisa vichwa kukubali. Lakini Riziki alikwisha kugeuka kwenda jikoni. "Mama hafungwi kilemba kwa mwanawe," alisema. "Mniache nikatazame wali."

Ndipo Akida akasema, kutoka chini ya miguu ya mtoto wake: "Jamani, mwenye neno si huyu hapa? Sasa anasema. Aulizwe."

Bi. Mwanakombo akamkaribia Mize. Na hapa sikilizeni vizuri, maana lugha yetu ina hekima yake. Paa la nyumba ni *lile*, nalo ni *langu*. Paa wa porini ni *yule*, naye ni *wangu*. Na kupaa ni *kule*, nako ni *kwangu*. Herufi chache tu zingetosha kumaliza kesi, na kila fundi alikuwa anaisubiri ya kwake kama asikiaye jina lake likiitwa.

"Mjukuu wangu," alisema bibi, "siku ile uvunguni ulisema 'paa'. Ulitaka paa gani?"

Mize aliwatazama mafundi mmoja mmoja, kisha akacheka, kwa sababu swali lilikuwa la kijinga sana.

"Si paa yangu!" alisema.

Uani palilipuka. "*Yangu!*" alisema Bi. Mwanakombo, mikono kichwani. "Paa *yangu!* Mtoto wa Tanga! Hiyo 'yangu' kaitoa wapi jamani?"

"Watoto wote husema 'paka yangu', 'mbuzi yangu'," alisema Mishi. "Kamtaja mnyama."

"Na husema 'jembe yangu', 'godoro yangu'!" alisema Mbaruku. "Kalitaja la juu."

"Mtoto aliyetaja kitu angeonyesha kidole," alisema Shekue. "Huyu kacheka. Na hucheka lini?"

Akaulizwa tena. Akajibu vilevile, safari hii kwa hasira kidogo, kama mtu anayerudia jambo kwa viziwi. Kisha akampiga baba yake visigino, akataka kurushwa, na Akida akamrusha, na hakukuwa na jibu lingine.

Tangu siku ile Makorora imegawanyika. Wapo wanaosema aliyefungua mlango ndiye aliyefanya kazi, mengine hufuata yenyewe. Wapo wanaosema mlango si kitu, mtu hurudi pale moyo wake unapotua. Wapo wanaosema kurudi ni kusikika. Wapo wanaotazama alichofanya kila mmoja, na wapo wanaotazama alichotoa: je, ni kigumu zaidi kwa mwezekaji kuacha tundu, au kwa mchongaji kufuta alichochonga, au kwa mpindaji kukata alichopinda? Na wapo, wala si wachache, ambao bado wanatazama upande wa jikoni.

Bi. Mwanakombo ni mtu mzima, hapendi kuondoka duniani na nadhiri shingoni. Amesimama na deuli mikononi, vichwa vitatu vimeinama mbele yake, na mikono imeanza kumchoka.

Haya, mpokeeni ninyi. Mnamfunga nani?